Mwaka Huu Mabua Hayachomwi

Jumatatu, 3 Julai

Leo nimempokonya kaka kiberiti.

Daftari hili nimepewa na bwana mifugo. Aliniambia niandike kila siku nilichowalisha wanyama, wamekula kiasi gani, na kama kuna aliyeumwa. Hakusema nisiandike mengine, kwa hiyo naanza na kiberiti.

Mahindi yameshavunjwa, magunia yamo ndani, na shambani yamebaki mabua makavu yamesimama. Kila mwaka siku kama ya leo kaka yangu, ambaye ni fundi seremala, anaweka randa chini, anakwenda shambani na kuyatia moto. Miezi miwili baadaye nyasi zimekwisha, ng'ombe wanahesabika mbavu, na dalali wa mifugo anakuja na uso wake wa huruma kuwachukua kwa bei ya kutupa. Mwaka jana ndiyo kwanza nilikuwa nimerudi kwa mama baada ya ndoa yangu kuvunjika. Niliyaona yote hayo nikanyamaza, maana nilijiona mgeni. Mwaka huu ugeni umekwisha.

"Hebu nipe hicho," nikamwambia. Alikuwa ameshawasha njiti. Nikaipuliza ikazimika, nikachukua kiberiti nikakitia kifuani.

"Wewe una wazimu?"

"Ninao. Haya mabua ni chakula."

"Chakula cha nani? Ng'ombe anachagua majani tu, lile bua lenyewe analilalia."

"Mwaka huu atalila."

Akanitazama kama anavyotazama ubao wenye fundo katikati, kisha akacheka akarudi karakana. Kiberiti bado ninacho.

Walichokula: nyasi za kando ya njia, maganda ya maharage. Ng'ombe wawili, kondoo wanane. Wote wazima.

6 Julai

Majirani wamechoma mashamba yao. Nguo nilizoanika zimejaa masizi. Nimezifua tena, na nimefua kwa hasira.

Ijumaa, 7 Julai

Leo ni siku ya chumvi. Niiandike, kwa sababu hakuna kitu nyumbani hapa kinachofuata saa kama chumvi ya mama. Kila Ijumaa alasiri anashusha kopo la bati kutoka rafuni, anaingia bandani, na kondoo wanamzonga mpaka kanga inamvuka. Anawamwagia kidogo kwenye hori, nyingine anawalambisha kiganjani. Wa kwanza kulamba ni jike mzee tunayemwita Mwenyekiti, kwa sababu kikao hakianzi mpaka yeye afike. Kama hajala, wengine hawali. Kama hajatoka, hawatoki.

Mama alimpata kondoo wake wa kwanza kwa kulima vibarua kwenye mashamba ya watu, kabla mimi na kaka hatujazaliwa. Mwenyekiti ni kitukuu cha yule wa kwanza. Ng'ombe mkubwa anaitwa Shangazi, kwa vile anavyomtazama mtu kama anayeuliza lini utaolewa tena. Binti yake hatujampa jina, tunamwita Binti tu.

Chumvi imekaribia kwisha. Nimemwambia mama nitanunua.

Jumapili, 9 Julai

Nimepatana na kaka. Naandika maneno yenyewe, asije akayakana.

Tulikuwa karakana, vumbi la mbao mpaka kwenye kope. Mama alikuwa bandani anawatoa kondoo kupe. Nilimweleza kaka alichonifundisha bwana mifugo: mabua yanakatwakatwa, yananyunyiziwa maji yaliyoyeyushwa mbolea nyeupe ya yurea, yanashindiliwa kwenye shimo lililotandikwa nailoni na kufunikwa pasiingie hewa kwa siku ishirini na moja. Yakitoka hapo yamelainika na yana nguvu. Ukichanganya na pumba na maganda ya maharage, mnyama anavuka kiangazi amesimama kwa miguu yake.

"Maneno ya mtu wa pikipiki," kaka akasema. "Anakuja mara moja kwa mwezi, anaondoka. Ng'ombe akianguka, anayemvuta kwa kamba ni mimi."

"Safari hii hutavuta."

"Mimi nataka niwauze sasa hivi, wakiwa bado na nyama."

"Nipe mpaka mvua."

Akapuliza vumbi kwenye ubao. "Sawa. Mpaka mvua. Lakini akifa hata mmoja, nauza wote, na wewe hutafungua mdomo."

"Sitafungua."

Tukapeana mikono. Wake ulikuwa na gundi, tukakaribia kushikana moja kwa moja.

12 Julai

Asubuhi niko kwenye mashine ya kusaga kama kawaida. Mwenye mashine ananiruhusu kuzoa pumba zinazomwagika chini, mradi nimwachie sakafu safi. Sakafu yake haijapata kung'aa hivi tangu ijengwe. Mchana nakata mabua kwa panga juu ya gogo, vipande vya urefu wa kiganja. Jua halina mchezo.

15 Julai

Mabua. Malengelenge matatu.

16 Julai

Mabua. Malengelenge matano.

19 Julai

Nimeanza kuchimba shimo kando ya banda. Wifi, mke wa kaka, anayekaanga viazi pale njia panda, alipita na karai lake kichwani.

"Wifi, unamchimbia nani?"

"Nachimbia kiangazi."

"Haya. Ukimaliza kukizika utuite matangani."

Nikacheka, nilikuwa sina pumzi ya kumjibu. Njia panda nzima sasa wananiita Mama Mabua. Waniite tu. Aliyeitwa jina baya akaacha kazi yake, huyo ndiye wa kuchekwa.

22 Julai

Jana mpini wa jembe ulivunjika nikiwa nimefika kina cha kiuno. Leo asubuhi nimekuta jembe lina mpini mpya, umepigwa msasa laini hata kibanzi hakuna cha kukuchoma. Kaka alikuwa ameshaingia karakana, nami nikaendelea kuchimba.

Ijumaa, 28 Julai

Shimo limejaa na limefungwa! Mgongo sina, lakini shimo limefungwa.

Bwana mifugo alikuja mwenyewe kusimamia. Kilo tano za yurea kwa kila kilo mia za mabua. Nilipoimwaga kwenye ndoo na kukoroga, maji yakawa baridi ghafla kama yametoka mtungini, nikamwita mama aje aguse. Akachovya vidole, akavitoa haraka. "Jua lote hili, maji yanapata wapi baridi?" akauliza. Bwana mifugo akasema ndiyo tabia ya mbolea hii, ikikutana na maji inapoza. Kisha akanigeukia mimi: "Dada, hii ndani ya mabua ni chakula. Peke yake ni sumu. Kiganja kimoja kinatosha kumuua kondoo. Ibaki kwenye mfuko wake, iwekwe mbali."

Nikaitikia kwa kichwa. Alipoondoka nikagundua nailoni haitoshi, pembe moja ya shimo iko wazi. Niende kununua nyingine, jua linazama, na kesho nina zamu kinuni? Nikapasua mfuko wa mbolea nikaziba pembe. Yurea iliyobaki, kama kilo mbili hivi, nikaimimina kwenye kopo la bati lililokuwa tupu, nikaliweka rafuni. Kesho nitatafuta mfuko mwingine.

Tumekanyaga udongo juu ya shimo mimi na mama, tumeshikana mikono kama watoto. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

29 Julai

Siku ya kwanza kati ya ishirini na moja. Nimelala.

2 Agosti

Upepo na vumbi. Shangazi ananifuata kwa macho kila nikipita na ndoo tupu.

Ijumaa, 4 Agosti

Goti la mama limevimba, hakutoka kitandani. Kondoo walisimama mlangoni wakimngoja alasiri nzima. Nimewapa pumba, wakala, lakini kwa kununa.

8 Agosti

Nyasi za njiani zimekwisha. Maganda ya maharage yamebaki gunia moja na nusu. Kaka amepita bandani mara tatu leo bila shida yoyote ya kumpitisha. Namwona anavyoangalia mbavu za Binti, na siku hizi sijui kama anaomba nishindwe au anaogopa nishindwe.

Ijumaa, 11 Agosti

Naandika leo hii, kabla sijaanza kupunguza.

Nilirudi kutoka kinuni saa kumi alasiri. Kabla sijafika uani nikasikia sauti ya mama, si ya kuita, ya kulia. Nikakimbia. Kondoo walikuwa wanatetemeka wote, wanasaga meno, povu midomoni, matumbo yamejaa kama ngoma. Mwenyekiti alikuwa chini, miguu imekakamaa, shingo imepinda nyuma. Mama alikuwa amepiga magoti kando yake, kopo la bati mkononi.

"Nimewapa chumvi tu," akasema. "Chumvi yao ya Ijumaa. Chumvi tu, mwanangu."

Nilijua kabla sijaangalia ndani ya kopo.

Kaka alitokea mbio na maranda kichwani. Akachovya kidole, akaonja, akatema. "Hii mbolea!" Mimi nilikuwa tayari nimempigia bwana mifugo. Akapiga kelele kwenye simu: "Siki! Siki na maji baridi, wanyweshe sasa hivi, usisubiri!" Siki nyumbani hakuna. Kaka akasema tu, "Wifi yako," na mimi nikawa nimeshatoka. Nimekimbia mpaka njia panda na gauni nimelishika mkononi. Wifi hakuuliza lolote. Alinyakua dumu la siki ya viazi vyake, akawaacha wateja na karai motoni, tukakimbia naye kurudi, na mwili wake ule mnene alinipita njiani.

Kaka alishika vichwa. Wifi alichanganya. Mimi nilimimina kwa chupa ya soda, mmoja baada ya mwingine, siki ikinimwagikia machoni. Saba wamepona. Jioni hii wamesimama, vichwa chini, lakini wamesimama. Mwenyekiti alikufa chupa ya pili ikiwa mdomoni mwake.

Sasa niandike lililobaki.

Kaka alichuchumaa mbele ya mama, akiamini ni yeye aliyelijaza kopo mbolea kwa kutoona. Aliongea naye taratibu, na upole wake ndio ulionichoma. "Mama, hukuona? Macho yako, mama."

Mama akaligeuzageuza kopo. "Lilikuwa zito," akasema. "Nikajua mmeninunulia chumvi." Kisha akanitazama mimi.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nafasi ndefu kabisa. Kaka alisimama, akapangusa magoti, akatoa leso akapenga, akaikunja leso, akairudisha mfukoni, na muda huo wote mimi nilikuwa na mdomo na ulimi ndani yake. Halafu akaniambia: "Huyu simhesabu. Hakufa kwa njaa, amekufa kwa macho ya mama. Mapatano yetu yako palepale. Lakini mama hagusi tena wanyama."

Nikaitikia kwa kichwa, kama nilivyomwitikia bwana mifugo.

Daftari hili linajua nani alimimina mbolea kwenye kopo la chumvi. Limeandikwa hapo juu kwa mkono wangu.

12 Agosti

Tumemzika Mwenyekiti nyuma ya banda. Kaka ametia kufuli mlangoni. Funguo mbili, moja yake na moja yangu.

14 Agosti

Mama anakaa kwenye kigoda, uso ameuelekeza ukutani. Chakula anakizungusha sahanini, kisha anakisukuma pembeni. Nimemuuliza anaumwa wapi. "Siumwi," anasema.

Najiambia: nikisema, wanyama wote wanauzwa. Nikinyamaza, wanabaki, na siku moja mama atasahau. Nawalinda wanyama wake, mimi. Nimelisoma hilo mara mbili na linanuka kuliko samadi.

Ijumaa, 18 Agosti

Siku ya ishirini na moja. Nimefungua shimo. Harufu ilitupiga mpaka machozi. Majirani walikuja kuangalia, nusu yao wakarudi nyuma wameziba pua. Mabua yamegeuka rangi ya tumbaku na yanavunjika mkononi bila kelele. Nimeyaanika kivulini yapoe harufu, kisha nikayatia horini.

Shangazi akanusa. Akapiga chafya. Akanigeuzia mkia.

Kicheko kilichotoka hapo kitafika mbali. Mmoja akasema, "Mama Mabua, jaribu kuweka chumvi!" Hakukusudia ubaya, wala hakujua anachokisema. Nikageuka nikamwambia arudi kwake akale majivu ya shamba lake alilolichoma. Akaondoka. Wengine pia wakaondoka.

19 Agosti

Shangazi hajala. Sitampa kingine. Yeye mkaidi, mimi mkaidi zaidi.

20 Agosti

Nimenyunyiza pumba juu ya mabua. Alasiri nilisikia kutafuna, nikadhani naota. Shangazi, kichwa chote ndani ya hori! Anatafuna bua lenyewe, lile gumu, kama ugomvi haujawahi kuwepo. Binti akamfuata. Nimepiga kigelegele peke yangu uani, na ninajua nani hasa nilitaka anisikie. Yuko chumbani, uso ukutani.

23 Agosti

Ng'ombe wanakula mpaka wanaramba mbao za hori. Kondoo hawali. Wanasimama wanaangalia chakula, wanamngoja Mwenyekiti aanze.

Ijumaa, 25 Agosti

Alasiri kondoo walijipanga mlangoni. Walikuwa wanangoja chumvi. Nimenunua nyingine, iko kwenye mfuko wake. Niliingia nayo, nikanyoosha kiganja. Walirudi nyuma wote saba.

29 Agosti

Jua. Kondoo wanaokota maganda ya maharage yaliyobaki, mabua hawagusi. Bwana mifugo anasema wanyama wa aina hii huzoeshwa na mkono wanaoujua. "Mama yako yuko wapi?" akauliza. Nikasema goti linamsumbua. Uongo wa pili ulitoka bila hata kubisha hodi.

31 Agosti

Nimemsikia kaka anaongea na wifi jikoni. Anasema mwaka wa tatu nyuma, kabla sijarudi, alimvuta ng'ombe aliyemzaa Shangazi kwa kamba kutoka shamba hadi uani, akiwa hai bado, na mama alitembea kando yake akimpepea nzi. "Siwezi tena kumwona mama vile," alisema. Mimi miezi yote nilidhani ni mvivu.

Jumapili, 3 Septemba

Leo nimefungua mdomo.

Kaka alikuja kutoka karakana amebeba kiti. Si kiti cha kuuza. Kina mikono, mgongo umelala kidogo, na pembe zote amezizungusha zisimuumize mtu. Amekitengeneza wiki nzima baada ya kazi. Akakiweka barazani, akamshika mama mkono akamkalisha.

"Hapa sasa, mama. Usihangaike tena na lolote. Kazi yako imekwisha, pumzika."

Mama akasema ahsante. Akaweka mikono yake juu ya mikono ya kiti. Akakaa wima, miguu pamoja, kama mtu aliye kwenye foleni ya hospitali. Nilimwona vile, na moyo wangu ukakataa. Ulikataa kabisa.

"Macho ya mama hayana kasoro," nikasema.

Kaka akageuka.

"Ile mbolea niliimimina mimi kwenye kopo la chumvi. Mfuko niliupasua kuzibia shimo, nikaona uvivu wa kutafuta mwingine. Bwana mifugo alinionya, sikusikia. Mama alishusha kopo la chumvi kutoka rafu ya chumvi siku ya chumvi. Mwenyekiti nimemuua mimi."

Nilidhani atapiga kelele. Nilijiandaa kwa kelele, nilikuwa na majibu ya kelele. Hakupiga. Alikaa kwenye ngazi ya baraza, akaninyooshea mkono kama anayetaka kitu, akaushusha.

"Wiki tatu," akasema. "Umeniacha nimwite mama yangu kipofu kwa wiki tatu."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo umeshindwa mapatano."

"Nimeshindwa. Mwite dalali. Lakini kufuli litoke, na ukikutana na yeyote uliyemwambia mama haoni, umwambie ni dada yako ndiye mwongo. Au nitawaambia mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Na hilo silifanyi kwa unyonge, ujue hivyo."

Mama alikuwa anatazama barabara.

Jumatatu, 4 Septemba

Nimetembea nyumba kwa nyumba. Nyumba ya tatu walinikaribisha kiti, nikakataa. Mama bado hajasema neno. Kaka amempigia dalali, anakuja kesho. Kufuli bado liko mlangoni.

Jumanne, 5 Septemba

Dalali alifika saa tatu asubuhi, kamba begani, uso wa huruma ameshauvaa. Akauliza hali, akauliza goti la mama, akauliza mvua. Kaka akatoa ufunguo. Hakunitazama, na kwa kweli hakuonekana mtu aliyeshinda kitu.

Tuko nusu ya uani, tukasikia mkwaruzo nyuma yetu. Mama alikuwa anakokota kiti. Kile kiti kipya. Alikivuta kutoka barazani, akakishusha ngazi moja, nyingine, goti lile bovu likimyumbisha. Kaka akaruka kumsaidia.

"Niache," mama akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu Jumapili.

Alikikokota mpaka mlango wa banda, akakigeuza mgongo ukaegemea mlango, kufuli likawa nyuma ya kichwa chake, akakaa.

"Kiti kizuri," akamwambia kaka. "Umekipatia. Hapa kinanikaa vizuri kuliko kule."

Dalali akakohoa. "Mama, shikamoo. Tumekuja kuwaangalia wanyama kidogo."

"Marahaba. Anayeuza nani?"

"Mwanao, mama."

"Ana kondoo, mwanangu? Mimi nilijua ana randa na misumeno." Akamgeukia kaka. "Mlipatana na dada yako. Nimesikia. Akifa mmoja wanauzwa wote. Mlipeana mikono. Siku hiyo mimi mlinikalisha wapi?"

Kaka akauficha ufunguo nyuma ya mgongo. Nilitaka kumcheka, lakini jicho la mama lilikuwa limeshanifikia.

"Na wewe usijifiche nyuma yake. Umewacheza kamari kondoo wangu kama yeye alivyowacheza. Yeye alitaka kuwauza bila kuniuliza, wewe ulitaka kuwaokoa bila kuniuliza. Tofauti yenu ni ipi?"

Miezi miwili nimepigana na watu wote wa nyumba hii na njia panda, na siku moja sikumuuliza mwenye mali anataka nini. Nililiona hilo pale uani, jua likinichoma utosi, na liliniuma kuliko siki ya machoni.

"Mama, nisamehe," nikasema. "Na ya macho pia."

"Ya macho nilijua."

"Ulijua nini?"

Akainua kiganja chake. "Kondoo walilamba hapa. Mate yao yalipoiyeyusha, ikanipoza vidole. Baridi ile ile ya ndoo yako. Kaka yako alipotamka mbolea, nikajua ni ile ile na nani kaiweka. Nikakutazama. Nikasema ngoja, nione nimezaa mtu au nimezaa nini."

"Wiki tatu ulikaa kimya ukaitwa kipofu?"

"Heri kufa macho kuliko kufa moyo," mama akasema. "Nilikuwa nangoja wako ufufuke. Umechelewa, ila umekuja. Wewe dalali, chai utakunywa? Maana kingine hapa hupati."

Dalali alisema chai amekunywa. Alikunja kamba yake vizuri, mkunjo juu ya mkunjo, uso wa huruma umemtoka, na kwa mara ya kwanza nikaona ni mtu wa kawaida tu mwenye safari ndefu mbele yake. Wifi alimkaangia viazi vya njiani.

Kaka alimpa mama ufunguo kwa mikono miwili. Akabaki amesimama pale. "Nilikuwa naogopa utaumia tena," akasema, "kama mwaka ule wa kamba." Mama akamshika sikio, akalivuta kidogo kama la mtoto. "Mwanaume mzima," akasema. "Kachukue bisibisi, ufungue hilo likufuli lako, ukalitie karakana."

Akaingia bandani. Kondoo walimzonga mpaka kanga ikavuka. Nikamletea mabua kutoka shimoni, yaliyopoa, yamechanganywa pumba. Alichukua konzi, akalinusa, akakunja uso. "Wewe kweli unataka wale hii?" Kisha akamnyooshea jike mdogo, mjukuu wa Mwenyekiti, na akangoja. Jike akanusa. Akarudi nyuma. Akanusa mkono, siyo chakula. Akala.

Wengine sita walisukumana mpaka nusura wamwangushe.

Kaka anakata mabua ya shimo la pili. Anakata vipande virefu mno, nimemwambia, ameniambia nimwache. Kopo la bati mama amelifunga kamba ya kondoo shingoni mafundo matatu, amesema likikutwa na kitu kisicho chumvi, mwenye kukitia atakilamba yeye. Mvua bado. Mbingu ni nyeupe tupu, na shimo la kwanza bado lina zaidi ya nusu.

Walichokula: mabua, pumba, konzi moja ya maganda ya maharage.

Ng'ombe wawili, wamekula.

Kondoo saba, wamekula.

Mama, sahani mbili.